Motokaa Inayorudi Gereji: Kwa Nini Taimingi Haikai

(Haya ni maneno ya makanika mmoja wa tawi letu, aliyoyasema mbele ya wanachama katika mkutano wa mafundi. Tumeyachapa kwa kuwa wengi waliomba kuyapata kwa maandishi.)



Nimeombwa niseme juu ya taimingi ya injini, hasa ile ambayo fundi anaiweka leo, na kesho kutwa motokaa inarudi na ugonjwa ule ule. Nimekubali kwa sababu ya mishahara yetu. Mara kwa mara makanika huja kwa mjumbe wa chama na kesi ya namna moja: motokaa imerudi mara ya pili au ya tatu, mwenyewe amepiga kelele ofisini, na tajiri amekata pesa za fundi. Fundi akiulizwa alifanya nini, hujibu, "Niliweka taimingi." Akiulizwa taimingi ilikuwa wapi kabla hajaigusa, hana jibu. Hapo hata mjumbe aliye hodari hana la kushika.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Taimingi ni mbili. Kuna taimingi ya moto wa plagi, na kuna taimingi ya valvu. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, na katika injini za zamani disitributa huenda pamoja na kamshafti. Kwa hiyo cheni ikiruka jino, valvu zinachelewa na moto unachelewa pamoja nazo. Fundi mwenye haraka anaona moto umechelewa, anageuza disitributa, anaurudisha moto mahali pake, kisha anafunga kazi. Lakini valvu amezicha vile vile zilivyokuwa. Motokaa inaondoka ikinguruma vizuri hapa uwanjani, na ikifika kwenye mlima haina nguvu. Basi ukiona disitributa imegeuzwa sana mpaka inataka kugusa bloki ndipo injini iwake sawasawa, usifurahi. Simama hapo hapo, ufungue kifuniko cha cheni.

Pili, tujue ni muda mdogo kiasi gani tunaoushika kwa mikono. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ni mara 50 kwa sekunde moja. Petroli ndani ya silinda haiungui mara moja kama baruti. Inahitaji kama sehemu mbili za elfu za sekunde. Katika muda huo krenki imekwisha kwenda digrii 36. Ndiyo maana moto lazima uruke kabla pistoni haijafika juu, na kadiri injini inavyokimbia ndivyo moto unavyotakiwa kuwahi zaidi. Moto ukichelewa, injini inachemka, bomba la moshi linakuwa jekundu, petroli inakwisha upesi. Ukiwahi mno, injini inagonga kama misumari ndani ya debe, stata inapigwa teke asubuhi, na mwisho pistoni inatoboka.

Sasa nije kwa ugonjwa wenyewe, yaani taimingi isiyokaa. Maneno yangu ya kwanza kwa kijana yeyote ninayefanya kazi naye ni haya: kama imewekwa mara mbili na imerudi, usiiweke mara ya tatu. Kuiweka siyo dawa. Tafuta kama kuna kitu kinachosogea, au kama alama unayoitazama inakudanganya, au kama taimingi haina kosa lolote na ugonjwa uko mahali pengine. Hilo la mwisho ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Hewa inayoingia kwa gasketi ya manifoldi, plagi zisizo za injini ile, petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, haya yote hufanya injini igonge au imisi kama taimingi mbaya.

Alama inayodanganya nitaikalia kidogo, kwa maana ndiyo iliyowaumiza wenzetu wengi.

Katika injini nyingi, puli ya krenki siyo chuma kimoja. Ni vyuma viwili, cha ndani na cha nje, na katikati kuna mpira wa kuzuia mtetemeko. Alama ya taimingi mara nyingi imechorwa kwenye kile cha nje. Mpira ukizeeka, au ukilowa mafuta miaka mingi, chuma cha nje huteleza, na alama inateleza nacho. Taa ya taimingi hapo haina kosa, macho yako hayana kosa, lakini alama inasema uongo.

Nitatoa mfano wa pikapu moja ya petroli, yenye disitributa. Gereji sitaitaja. Kitabu kinasema moto uwe digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Fundi aliweka 10 kwa taa. Pikapu ikarudi baada ya siku chache: haina nguvu, inachemka kwenye mlima. Fundi akaweka taa, akaona alama inasoma 22. Akasema, "Mnaona? Imesogea." Akairudisha 10. Ikarudi tena, ikasoma 22 tena. Safari ya tatu ofisi ikamwandikia fundi kwamba hakukaza boliti ya disitributa, na saa zake za kazi hiyo zikakatwa zote.

Mwenzetu mwingine alipopewa ile pikapu hakugusa disitributa. Alitafuta mahali pistoni inapofika juu kweli kweli, akakuta alama ya puli imeteleza digrii 12. Kwa hiyo kila fundi alipoweka 10 kwa taa, moto kwa kweli ulikuwa unaruka digrii 2 baada ya pistoni kupita juu. Injini itapataje nguvu? Na ile 22 ilitoka wapi? Dereva alipoona pikapu haipandi, alipita kwa fundi wa kando ya barabara, naye akaigeuza disitributa kwa sikio mpaka injini ikakubali. Taimingi haikusogea yenyewe hata siku moja. Watu wawili walikuwa wakivutana, mmoja kwa taa na mmoja kwa sikio, na mwenye sikio ndiye aliyekuwa karibu na kweli.

Namna ya kuupata ule ukweli haina gharama. Toa plagi zote. Toa waya wa betri, maana stata ikizunguka wakati wa kazi hii utavunja pistoni. Chukua plagi nzee, vunja kaure yake, tia boliti ndefu ya kichwa cha mviringo ndani ya lile gamba, uifunge barabara. Ifunge hiyo kwa silinda ya kwanza. Zungusha krenki kwa spana, polepole, mpaka pistoni iguse ile boliti. Piga chaki kwenye puli mbele ya mshale. Sasa zungusha kwa upande wa pili mpaka iguse tena, upige chaki ya pili. Katikati ya chaki mbili ndipo pistoni inapofika juu kabisa. Alama ya kiwanda ikiwa haipo hapo, puli inunuliwe mpya, na mambo yameisha. Wako wanaotia waya au bisibisi kwenye tundu la plagi na kukisia kwa mkono. Haifai, kwa kuwa pistoni ikifika juu hukaa kama imesimama huku krenki ikiendelea digrii kadhaa, na mkono hauwezi kujua. Tena, injini ya cheni yenye kikazio cha mafuta, au ya belti, usiizungushe nyuma kwa njia hii. Cheni inaweza kulegea upande mmoja ikaruka jino. Kwa hizo tumia geji ya saa.

Ikiwa alama ni ya kweli, basi tafuta kinachosogea. Fungua kifuniko cha disitributa, shika rota, itikise. Shafti ikicheza kwa ubavu, bushi zimekwisha, na taimingi itakuwa ikirukaruka mbele ya taa hata ukikaza boliti zote za dunia. Kwa injini za pointi, angalia kile kisigino kinachosuguana na kamu. Kikilika, nafasi ya pointi inapungua, pointi zinachelewa kufunguka, na moto unachelewa. Kwa hiyo pointi huwekwa kwanza, taimingi baadaye. Anayeweka taimingi kisha akarekebisha pointi ameiharibu taimingi yake mwenyewe kabla hajafunga boneti. Disitributa za Lucas zilizokuwa kwenye Land Rover nyingi zilitaka nafasi ya milimita 0.35 mpaka 0.40, na kisigino kikavu bila grisi kilikula nafasi hiyo upesi.

Halafu kuna vile vizito viwili na springi zake ndani ya disitributa, vinavyowahisha moto injini ikikimbia. Weka taa, pandisha mwendo polepole: alama iende taratibu bila kurukaruka. Achilia: irudi pale pale ilipotoka. Ikirudi mahali pengine kila mara, vizito vimeshika kutu au springi imekatika. Huyu ndiye mwizi anayefanya fundi aonekane mwongo, maana asubuhi inasoma 10 na jioni inasoma 16. Kopo la vakyumu nalo ulijaribu kwa kulivuta hewa. Lisiposhika, ngozi yake imepasuka.

Na cheni iliyolegea utaijua bila kuvunja kitu. Acha kifuniko cha disitributa wazi. Zungusha krenki mbele kidogo kwa spana, kisha irudishe nyuma kwa upole huku mwenzako akitazama rota. Soma kwenye puli: krenki inakwenda digrii ngapi kabla rota haijaanza kutikisika? Zikiwa nyingi, cheni imechoka, na hakuna disitributa itakayokutuliza. Jaribio hili nalo ni la injini za zamani zisizo na kikazio cha mafuta.

Neno moja juu ya sikio, kwa kuwa wazee wetu wengi walifundishwa hivyo na wengine bado wanalitumia. Sikio ni zuri la kukushtua, lakini si la kuandika hesabu. Sisi hapa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi. Silinda hazijazi sana, kwa hiyo injini haigongi upesi, na fundi wa sikio huwahisha moto zaidi na zaidi mpaka asikie inakubali. Motokaa hiyo ikishuka Mombasa yenye hewa nzito inaanza kugonga, na mwenyewe anasema gereji imemharibia. Kule pwani fundi mwingine anachelewesha. Ikipanda Nairobi imekufa nguvu. Imewekwa kwa kitabu tangu mwanzo, haingekuwa na safari hizo zote.

Sasa motokaa nyingi tunazoletewa hazina disitributa kabisa. Kijana atasema maneno ya bushi na pointi ni ya babu zetu. Haya, tuchukue Probox. Nyingi zilizokuja kwetu zina injini ya 1NZ-FE, cc 1,496, yenye cheni. Kompyuta ndiyo inayopanga moto, na kamshafti ya kuingiza hewa inageuzwa mbele na nyuma kwa nguvu ya oili, kupitia valvu ndogo ya umeme. Taa ya injini inawaka, mashine ya kusoma inasema P0016. Maana yake ni kwamba habari ya krenki na habari ya kamshafti hazipatani. Basi hiyo tu. Haisemi nani mwongo kati yao.

Lakini ninaona mafundi wakikimbilia dukani kununua sensa. Sensa inafungwa, kodi inafutwa, taa inazimika, mwenyewe analipa. Baada ya siku tatu taa imewaka. Sensa ya pili. Kisha wanasema kompyuta imekufa. Na kumbe hakuna aliyevuta kijiti cha oili.

Kwa injini hizi oili ni sehemu ya taimingi. Ikiwa pungufu, au nyeusi nzito kama lami, au si ya unene ulioandikwa kwa kitabu, gia ya kamshafti haigeuki inavyoamriwa. Kwa hivyo mimi naanza na oili: kiasi, rangi, na lini ilibadilishwa. Halafu natoa ile valvu ndogo ya oili, naitazama kama imekwama kwa uchafu, naipa umeme wa betri kwa muda mfupi tu nione kijiti chake kinakwenda na kurudi. Kichujio chake kidogo nacho kinaoshwa. Hiki watu wengi hawajui hata kama kipo. Hapo ndipo naangalia waya na sensa. Ikiwa hayo yote ni mazima, nafungua kifuniko cha juu, naweka pistoni ya kwanza juu, natazama alama za gia. Zikipishana, cheni imevutika au imeruka, na itabadilishwa pamoja na kikazio na reli zake. Cheni mpya juu ya reli zilizolika ni kutupa pesa.

Hapa pana jambo linalowatisha wageni wa kazi hii. Cheni mpya ina pingili za rangi, nawe unazilinganisha na alama wakati wa kufunga. Ukizungusha krenki mara mbili kupima kazi yako, alama za gia zinarudi lakini zile pingili hazirudi. Wengine hushtuka wakafungua kazi yote upya. Pingili hazirudi mpaka krenki izunguke mara nyingi sana, maana hesabu ya pingili na hesabu ya meno si moja. Tazama alama za gia, pingili ziache.

Ndugu zangu, kabla sijafika kwenye kadi, kuna jambo la vidole. Taa ya taimingi inawaka na kuzima kwa kufuata injini. Ukiimulika feni kwa taa hiyo, feni inaweza kuonekana imesimama kabisa, au inakwenda polepole kama ya saa, na kumbe inakata. Mtu anapeleka mkono kufuta alama kwa kitambaa. Alama isafishwe na ipigwe chaki injini ikiwa imezimwa, mikono ya shati ikunjwe, waya za taa zifungwe mbali na belti. Na injini isiachwe ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa milango. Moshi ule una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kama hakuna bomba la kutolea moshi nje, motokaa isukumwe uwanjani. Msimamizi akikataa, mwambieni mjumbe wa chama siku hiyo hiyo, msingoje mkutano.

Sasa kadi. Kabla hujagusa boliti yoyote, andika ulichokuta: taimingi ilisoma ngapi, kwa mwendo gani, alama ya puli imepimwa au haikupimwa, oili iko vipi, kodi gani imesomwa. Ukimaliza, andika ulichoacha. Ukiona kitu kibovu na ofisi au mwenye motokaa akikataa kukinunua, andika hivyo, na msimamizi atie sahihi yake. Hiyo ni dakika tano. Fundi wa ile pikapu angeandika "nimekuta 22, nimeacha 10, boliti imekazwa na kupigwa alama ya rangi," basi safari ya pili kila mtu angeuliza rangi iko wapi, na safari ya tatu isingekuwako.

Juu ya kukatwa pesa, sheria haiko kimya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Kosa la makusudi, ndugu. Puli kuteleza si kosa la makusudi la mtu yeyote. Na makato yote yakijumlishwa hayawezi kupita theluthi mbili ya mshahara. Akitaka kukuachisha kwa kusema kazi yako ni mbaya, kifungu cha 41 kinamlazimu kwanza akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, nawe una haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzako au mjumbe wa chama uliyemchagua mwenyewe, na asikilize mnayoyasema kabla hajakata shauri.

Lakini sitawaficha: mjumbe akiingia katika chumba hicho mikono mitupu, atasema maneno mazuri na tajiri ataonyesha karatasi za ofisi, maana yeye anazo. Kadi yako ndiyo karatasi yetu.

Katibu wa tawi amechapa kadi za mfano, upande mmoja wa injini za disitributa na upande wa pili wa injini za kompyuta. Ziko mezani pale mlangoni. Chukueni za kutosha gereji yenu, na anayeona kuna mstari umesahauliwa auandike nyuma ya kadi moja na kumrudishia katibu, ili zirekebishwe kabla ya kuchapwa tena.